Naomba ushauri: kijana aliniuliza kuhusu Yeriko na sheria za watumwa, nami nikamnyamazisha

Ndugu zangu, ninafundisha darasa la Biblia la vijana katika kanisa moja hapa Kisauni. Jumapili iliyopita kijana mmoja aliniuliza maswali mawili kwa mpigo: iwapo kweli kuta za Yeriko zilianguka mbele ya Yoshua, ilhali amesoma kwamba wachimbaji hawakuona dalili hiyo, na kwa nini Kutoka 21:20–21 inamwachilia bwana aliyempiga mtumwa wake, mradi mtumwa huyo abaki hai siku moja au mbili. Nilimjibu kwamba mwenye imani haulizi maswali ya namna hiyo, kisha nikafunga kwa sala. Hakuuliza kwa kejeli, na ukweli ni kwamba sikuwa na jibu. Sitaki kumdanganya, wala sitaki kumvunja imani. Nianzie wapi?

Msomaji wa Tudor
Mwalimu, la Yeriko mwambie lilivyo. Kathleen Kenyon alichimba pale kati ya 1952 na 1958, akahitimisha kwamba mji wenye kuta uliteketea yapata 1550 KK, mapema mno kwa Yoshua ikiwa tunamweka katika karne ya 13 KK kama wataalamu wengi wanavyofanya. Wapo wanaompinga, lakini ni wachache. Hata hivyo kijana asidhani kwamba Biblia nzima husimama au kuanguka na Yeriko, maana ni vitabu vingi vya nyakati nyingi, na kila kimoja kina ushahidi wake.

Mpe kisa cha Hezekia, mfalme wa Yuda. Senakeribu wa Ashuru aliivamia Yuda mwaka 701 KK, na maandishi yake mwenyewe yapo hadi leo: anajigamba kwamba alimfungia Hezekia Yerusalemu kama ndege tunduni, lakini hasemi popote kwamba aliutwaa mji. Anataja talanta 30 za dhahabu alizolipwa, na 2 Wafalme 18:14 inataja 30 zile zile. Kwenye fedha ndipo wanapoachana, Biblia ikisema 300 na yeye 800, kama ilivyo kawaida ya mlipaji na mlipwaji. Ama malaika aliyewaua Waashuri 185,000, hilo sururu haiwezi kulithibitisha wala kulikanusha.

Usije ukamjibu kwa magombo ya Qumran, yale maandishi ya kale yaliyopatikana mapangoni karibu na Bahari ya Chumvi, kama wengi tunavyopenda kufanya. Gombo la Isaya lililopatikana mwaka 1947 ni la kale kwa takriban miaka 1,000 kuliko nakala kamili za Kiebrania zilizojulikana wakati huo, na linakaribiana nazo sana. Hilo laonyesha uangalifu wa wanakili tu. Habari iliyonakiliwa vizuri yaweza kuwa haikutokea.

Binti wa Kengeleni
Mimi swali la pili ndilo linalonigusa. Wazee wangu waliletwa Frere Town, makazi yaliyoanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa utumwani. Tafadhali, Mwalimu, usimwambie kijana kwamba utumwa wa Biblia ulikuwa kama kuajiriwa. Wapo waliotumika kulipa deni, ni kweli, lakini Walawi 25:44–46 inaruhusu kununua wageni na kuwarithisha watoto kama mali. Isome kwa sauti hapo Kisauni, uone kama utaweza kuilainisha.

Vilevile Kutoka 21:16 inamhukumu kifo mwizi wa watu, na Kumbukumbu la Torati 23:15 inakataza kumrudisha mtumwa aliyetoroka. Sheria hiyo si ya mbali kwetu. Watoro walikimbilia misheni ya Rabai, mabwana wakaja kuwadai, na mwanzoni mwa 1889 watoro zaidi ya 1,400 wakapewa hati za uhuru. Waliolipwa fedha walikuwa mabwana, jambo ambalo sijawahi kulisikia likitajwa mimbarini.

Jirani wa Mji wa Kale
Mimi ni Mwislamu, mniwie radhi kwa kuingilia. Nasi tuna aya zinazotaja watumwa, vijana wetu huziulizia, na baadhi ya walimu wetu hujibu kama ulivyojibu. Shauri langu ni fupi: muombe radhi mbele ya wenzake, kwa kuwa ulimnyamazisha mbele yao.

Mwenye uzi
Nashukuru, na hilo la radhi nitalitimiza. Dada, nikisoma Walawi kisha Kumbukumbu, kijana hatasema kwamba kila mtu hujichagulia mstari anaoupenda?

Binti wa Kengeleni
Atasema, na atakuwa na haki. Huko Marekani waliomiliki watumwa na waliopinga utumwa walisoma Biblia moja, kila upande ukiwa na mistari yake. Kwa hiyo someni waraka mzima. Filemoni una mistari 25 tu, mtaumaliza kabla ya chai. Paulo anamrudisha Onesimo kwa bwana wake, akiomba apokewe si kama mtumwa tena bali kama ndugu mpendwa, lakini hasemi waziwazi kwamba aachwe huru. Waulize vijana kama wangeridhika na barua hiyo iwapo wao ndio waliotumwa kuipeleka, kisha nyamaza, uwaache wajibu wao kwanza.