Kusasisha kundi la mashine pepe bila kukatiza huduma

Swali
Habari wanajukwaa. Ninasimamia kundi la mashine pepe 6 (kompyuta zinazoundwa kwa programu ndani ya seva) katika Google Cloud, zote zimetokana na kiolezo kimoja, yaani maelezo ya mipangilio ambayo kila mashine huundwa kwayo. Nikitaka kubadili toleo la mfumo endeshi, kiolezo hakikubali kuhaririwa. Je, nifute kundi lote?

Jibu la kwanza
Usifute chochote, ndugu. Kiolezo hakihaririwi baada ya kuundwa. Tengeneza kipya, kisha uliagize kundi likihamie hatua kwa hatua. Thamani ya maxSurge huamua idadi ya mashine za ziada wakati wa usasishaji, na maxUnavailable huamua ni ngapi zinaweza kukosekana kwa pamoja. Ukiweka maxSurge 1 na maxUnavailable 0, mashine ya zamani haiondolewi mpaka mpya iwe tayari.

Jibu la pili
Kundi likiwa limesambazwa katika kanda 3 (maeneo tofauti ya vituo vya data), hiyo maxSurge ya 1 itakataliwa, kwani thamani hupaswa kuwa 0 au isipungue idadi ya kanda. Zaidi ya yote weka kipimo cha afya, yaani ukaguzi wa kiotomatiki wa kuona kama programu inajibu, maana pasipo nacho mashine huhesabiwa kuwa tayari punde inapowaka, hata kama programu haijaanza kupokea maombi.

Muulizaji
Asanteni, kanda yangu ni moja. Na mafaili yaliyo kwenye diski ya mfumo?

Jibu la kwanza
Yatapotea, kwa kuwa diski hiyo huundwa upya. Yahamishie hifadhi ya nje kwanza.