Kitunguu saumu na oregano badala ya antibayotiki kwa broila, inafanya kazi kweli?

MamaVifaranga_Ruai
Wadau habari za jioni. Huku Ruai ukinunua vifaranga unaambiwa ubebe na paketi ya tetrasaiklini, ile antibayotiki, uweke kwa maji siku za kwanza hata kama hakuna anayeumwa. Mimi sitaki tena, hawa kuku wanaliwa na watoto wa watu na usugu wa dawa, yaani bakteria kuzoea dawa, tunausikia kila siku. Jirani ananiambia niponde kitunguu saumu, tangawizi na pilipili. Nikiacha dawa kabisa si watakufa wote?

DktMifugo
Hawatakufa kwa kuacha dawa, watakufa kama banda ni bovu. Sweden ilipiga marufuku antibayotiki za kukuzia mifugo 1986, Umoja wa Ulaya ukafuata Januari 2006, na broila wanafugwa huko hadi leo. Oregano, ule mmea wa kiungo, mafuta yake yana kavakroli na thimoli, kemikali ambazo zinaharibu utando wa bakteria, hiyo si uganga. Shida ni kipimo, maana majani ya shamba hili si sawa na ya lile, na yale mafuta huruka yakipata joto, ndio maana ya kiwandani hufunikwa ndio yafike utumboni. Alisini, ile kemikali ya kitunguu saumu inayopigana na bakteria, nayo hutokea ukishaponda na haikai, ponda asubuhi wape asubuhi hiyo hiyo, usilaze.

Kuku_Kikuyu
Na uchuje kwa kitambaa tafadhali!! Vile vipande vinaziba vinyweo vya chuchu, unadhani kuku wamekunywa kumbe wamekaa na kiu tangu asubuhi, broila akikosa maji hata chakula anaacha. Alafu angalia maranda ya sakafuni kwanza, shika konzi ufinye, ikibaki donge ni mbichi, toa. Ukiingia banda macho yakawasha hiyo ni amonia, gesi ya kinyesi, inachoma mapafu ya kuku na hakuna tangawizi itasaidia.

Njeri254
Pilipili isikutishe, haiwawashi ndege kama sisi. Mimi nawawekea mlonge uliokaushwa kivulini ila kidogo tu, ukizidisha nyuzi zinakuwa nyingi na uzito unashuka.

Jamaa_wa_Kasarani
Mimi kuku wakiharisha damu nawapa maji ya mwarobaini, wanapona

DktMifugo
Ndugu yangu hapo nakupinga kabisa. Kuharisha damu mara nyingi ni koksidiosisi, ugonjwa wa vimelea vya utumbo, na hivyo vimelea si bakteria, kuna dawa yao kama amproliamu, ukingoja mwarobaini utaokota mizoga. Mimea ni ya kusaidia tumbo la kuku mzima lisilegee, mgonjwa anatibiwa. Ikibidi antibayotiki basi iandikwe na daktari baada ya kupima, peleka mzoga kwa maabara ya mifugo ya Kabete, na zile siku za kusubiri dawa itoke mwilini kabla ya kuchinja usizikate hata kama mteja wa hoteli anapiga simu.

MamaVifaranga_Ruai
Asante sana daktari na wengine. Maranda nabadilisha kesho. Siku ya chanjo ya Gumboro, ule ugonjwa wa virusi wa vifaranga, niendelee na kitunguu?

DktMifugo
Hapana mama, siku hiyo maji matupu. Na kama ni ya bomba yana klorini inayoua chanjo, koroga maziwa ya unga yasiyo na mafuta kwanza, ungoje kidogo, ndio utie chanjo.