Naombeni ushauri masonara, vichwa vya kufua kwenye bamba

Wakuu habari zenu, mi ni sonara ila kazi zangu nyingi ni pete na hereni za kumimina, sasa nimekutana na picha za hazina ya Wathrakia (watu wa kale wa maeneo ya Bulgaria) ya Panagyurishte, Bulgaria, ile ndugu watatu waliifukua 1949, vyombo 9 vya dhahabu zaidi ya kilo 6, na humo kuna sahani ina vichwa vya Waafrika safu 3, kila safu 24, vinazidi kuwa vikubwa kuelekea ukingoni, aisee wale watu walikuwa mafundi! Nataka nijaribu kasahani kadogo kwa shaba kwanza. Wakati wa kufua hivyo vichwa, chini ya bamba niweke lami au gogo? Na bamba nilipashe moto mara ngapi lisipasuke?