Mrejesho: lile gari lisilovuta, Tanga

Wakuu, mimi ndiye niliyeuliza kuhusu gari la familia linalokuwa zito ukikanyaga mafuta, hasa kwenye kona za kutoka Mombo kwenda Lushoto. Wengi mlisema plagi na koili. Nashukuru, ila sizo: gari halikuwa na misi (injini kukatakata) hata kidogo.

Fundi wa hapa Ngamiani alichomeka mashine ya kupima, ikatoa kodi ya hitilafu P0171, yaani injini inapata hewa nyingi mno kwa petroli iliyopo. Akasafisha sensa ya hewa. Nafuu kidogo tu. Ndipo akafunga geji ya presha kwenye njia ya mafuta. Gari likiwa limesimama presha iko sawa, ukikanyaga kwa nguvu inaporomoka. Akafungua tangi. Chujio dogo la chini ya pampu lilikuwa limeziba, jeusi kama masizi! Pampu yenyewe nzima, kwa hiyo yule muuza spea aliyenishikia bango ninunue mpya atanisamehe.

Tumeosha tangi, tumeweka chujio jipya, kodi imefutwa. Jumapili tumepanda milima ya Amani na watoto wote, kiyoyozi kimewashwa, linavuta vizuri. Ulaji wa mafuta bado sijaridhika nao. Nashuku sensa ya oksijeni, nikishapima nitawaambia.