Arduino Uno inaiita 36481 namba tasa: kosa liko wapi?

mwanafunzi_katuba (Lubumbashi)

Ndugu zangu, nawasalimu. Nina ubao wa Arduino Uno, ule wenye maikrokontrola (kompyuta ndogo ndani ya chipu moja) ya ATmega328P, na nimeuandikia programu ndogo ya kutafuta namba tasa. Programu inahesabu 2 moja kwa moja, kisha inachukua kila namba witiri n, inaigawa kwa 3, 5, 7 na kuendelea, kisha inaacha pale kigawo i kinapopita kipeuo cha pili cha n. Kitanzi chenyewe, yaani maagizo yanayojirudia, ni hiki:

`for (int i = 3; i * i <= n; i += 2) if (n % i == 0) return false;`

Hapo awali n nayo ilikuwa `int`, yaani namba kamili inayoweza kuwa chanya au hasi. Namba zilitoka vizuri hadi 32749, kisha zikafuata namba hasi, moja baada ya nyingine, zote zikihesabiwa kuwa tasa. Nikaibadilisha n kuwa `unsigned long`, yaani namba kamili yenye nafasi kubwa zaidi na isiyo na hasi, na namba hasi zikatoweka. Lakini nilipolinganisha orodha na jedwali nilikuta 36481 imo, na mbele yake 36863 na 37249, ambazo si tasa hata moja. Chini ya 100,000 zinapaswa kuwepo namba tasa 9592. Ubao unanipa nyingi zaidi. Linalonishangaza ni kwamba kitanzi hichohicho nikikiendesha kwenye kompyuta kinatoa 9592 kamili. Je, ubao huu ni mbovu? Niliupata kwa bei nafuu na hauna chapa ya mtengenezaji.

fundi_redio (Kamalondo)

Mdogo wangu, kabla ya kuhangaika na programu, angalia unaulisha ubao kwa kitu gani. Chaja nyingi za simu zinazouzwa barabarani hazitoi volti 5 sawasawa, na maikrokontrola yenye njaa ya umeme hukosea hesabu. Jaribu chaja nyingine, au waya mfupi zaidi.

mwalimu_wa_hesabu (Bukavu)

Kwa heshima ya fundi aliyetangulia, sidhani kwamba umeme unahusika hapa. Umeme dhaifu huharibu ovyo: mara ubao hukosea hapa, mara pale, mara hujizima na kuanza upya. Kosa linalorudi kwenye namba ileile kila unapoendesha programu linatoka kwenye maagizo uliyoandika, na namba zenyewe zinatuonyesha agizo lipi. Zigawanye: 36481 ni 191 × 191, 36863 ni 191 × 193, na 37249 ni 193 × 193. Hakuna hata moja yenye kigawo kidogo kuliko 191, isipokuwa 1. Kwa hiyo programu yako haikufika 191. Iliishia 181, na kwa kuwa namba tasa inayofuata baada ya 181 ni 191, basi 36481 ndiyo iliyokuwa na haki ya kupenya kwanza.

Kwa nini iishie 181? Kwenye Uno, `int` ina biti 16 tu, yaani inabeba kuanzia -32768 hadi 32767. 181 × 181 ni 32761, inaenea. Hatua inayofuata ni 183 × 183, yaani 33489, ambayo haienei, na kinachobaki ndani ya zile biti 16 ni -32047. Kisha namba hiyo hasi inalinganishwa na n yako isiyojua hasi, na kompaila (programu inayotafsiri maagizo yako kwa lugha ya mashine), kwa kufuata kanuni za lugha ya C, inaigeuza kwanza kuwa `unsigned long`, nayo inakuwa 4294935249. Bila shaka hiyo inazidi n, kwa hiyo kitanzi kinafungwa kana kwamba kazi imekwisha. Kwenye kompyuta yako `int` ina biti 32, na ndiyo maana hukuona tatizo.

Zile namba hasi za awali zina asili hiyohiyo: n ilifika 32767, ikaongezwa 2, ikawa -32767, na kwa kuwa 9 tayari ni kubwa kuliko namba yoyote hasi, kitanzi hakikuanza kabisa na kila witiri hasi ikapita bila kuulizwa.

Ifanye i nayo iwe `unsigned long`, na badala ya `i * i <= n` uandike `i <= n / i`, maana kugawanya hakufuriki. (Hata kwa biti 32 kuzidisha kungekwama ukivuka kipeo cha pili cha 65535, ambacho ni 4294836225, sitarajii ufike huko kwa ubao huu, lakini ni vizuri kuandika kitu mara moja tu.) Tena fungua mipangilio ya programu ya Arduino uwashe maonyo yote ya kompaila, ambayo kwa kawaida huwa yamezimwa. Yangekuambia wazi kwamba unalinganisha namba yenye alama na isiyo na alama.

mwanafunzi_katuba (Lubumbashi)

Aksanti sana, Mwalimu. Sasa inatoa 9592. Yamebaki mawili: ni ya polepole mno, na umeme ukikatika huku kwetu inaanza tena kutoka 3. Je, ni busara kuhifadhi kila namba tasa kwenye EEPROM, ile kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika?

sola_na_waya (Goma)

Ndugu, usihifadhi kila namba. Seli ya EEPROM ya maikrokontrola hiyo imedhaminiwa kuandikwa mara 100,000 tu. Ukipata namba tasa mia moja kwa sekunde na kuziandika mahali palepale, dhamana hiyo inakwisha kabla ya dakika 20. Hifadhi n peke yake kila baada ya dakika 10, uone kwamba inachukua karibu miaka miwili ya kazi mfululizo kufikia idadi hiyo. Tumia nafasi mbili kwa zamu, ili umeme ukikatika katikati ya kuandika ile nafasi nyingine ibaki salama.

Kuhusu kasi, angalia kwanza unavyochapisha. Ikiwa mawasiliano na kompyuta ni biti 9600 kwa sekunde, unapitisha herufi 960 kwa sekunde, na namba ya tarakimu tano pamoja na kushuka mstari hula saba. Kuchapisha tu zile 8363 zilizo kati ya 10,000 na 100,000 kunachukua dakika nzima. Panda hadi 115200, muda huo utashuka hadi kama sekunde tano. Kinachobaki ni kugawanya kwenyewe: maikrokontrola hii haina maunzi ya kugawanya, kila mgawanyo wa biti 32 unafanywa kwa programu na ni ghali. Hapo chujio la Eratosthenes (kufuta vizidishe vya kila namba tasa hadi zibaki tasa tu) lingesaidia, ila una baiti 2048 za kumbukumbu kwa kila kitu. Ukitumia biti moja kwa kila witiri, baiti 1000 zinachuja namba 16,000 kwa mkupuo. Chuja kipande, chapisha, futa, uhamie kipande kinachofuata.