Adapta ya waifai inazimika baada ya dakika mbili, Debian 12. Nina kazi Jumamosi

fundi_wa_orofa_tano (Jumatatu, saa 3:40 usiku)

Wakuu, habari za jioni. Naomba mnisome hadi chini kabla hamjaniambia nibadilishe distro (aina ya Linux).

Nina ThinkPad T480 ya mtumba, Debian 12, kerneli (kiini cha mfumo) 6.1. Kadi ya ndani haina shida, ila ndiyo inayonipa intaneti, kwa hiyo sitaki kuisumbua. Wiki jana niliteremka barabara ya Luthuli, Nairobi, kutafuta adapta ya USB ya ukaguzi wa usalama wa waifai. Nilizunguka maduka manne. Kwenye la nne nikapata moja yenye antena ndefu, boksi limeandikwa chipu ya AR9271. Jamaa alianzia elfu tatu na mia tano, tukamalizana kwa elfu mbili na mia mbili. Maandishi ya boksi mimi huwa siyaamini, na laptopu nilikuwa nayo mgongoni, basi nikaichomeka palepale kwenye kaunta:

`Bus 001 Device 007: ID 0cf3:9271 Qualcomm Atheros Communications AR9271 802.11n`

Kwa hiyo tafadhali, habari ya kuuziwa chipu nyingine tusiirudie.

Kazi yenyewe ni ya chama kimoja cha akiba na mikopo huku Eastlands. Wamenipa barua yenye sahihi ya mwenyekiti na muhuri, inataja mitandao yao mitatu kwa majina. Ninatakiwa kukagua Jumamosi mchana wakishafunga kaunta za wateja. Nataka nifike pale kifaa kikiwa kimeshazoeana na laptopu, si kuanza kubabaika mbele ya wazee.

Shida ya kwanza nimeimaliza mwenyewe. Nilipoichomeka nyumbani taa haikuwaka, na `dmesg` (kumbukumbu za kerneli) ikalalamika kwamba fimwea ya htc_9271, programu ya ndani ya kifaa, haionekani. Kisakinishi cha Debian 12 kinaweka fimwea za vifaa kinavyovikuta siku hiyo, na siku hiyo adapta hii ilikuwa bado kwenye kabati la muuzaji. `sudo apt install firmware-ath9k-htc`, nikaichomoa nikaichomeka tena, taa ikawaka.

Sasa shida ya pili, ambayo inanikosesha usingizi. Adapta nimeining'iniza kwenye grili ya dirisha ili ipate hewa safi. Naiweka modi ya monita (ya kusikiliza pakiti zote za hewani) bila ugomvi wowote, nawasha airodump-ng ya kuorodhesha mitandao, na mitandao inajipanga kama nguo kwenye kamba za Umoja. Dakika moja, dakika mbili, kisha orodha inaganda. Baadaye kidogo kifaa chenyewe hakipo tena, `iw dev` inaonyesha kadi ya ndani peke yake. Haya ndiyo ninayoyakuta:

```
usb 1-2: USB disconnect, device number 9
usb 1-2: new high-speed USB device number 10 using xhci_hcd
usb 1-2: device descriptor read/64, error -71
usb 1-2: device not accepting address 11, error -71
usb usb1-port2: unable to enumerate USB device
```

Nimebadilisha tundu, kushoto na kulia. Nimesakinisha fimwea upya. Nimechomeka chaja. Nimeendesha `airmon-ng check kill`, ile ya kuua programu zinazogombania kadi, kama video zote zinavyosema, ikaniua intaneti, ndiyo sababu nawaandikia kwa simu na bando linaisha. Nifanye nini?

---

pingu_za_root (Jumatatu, saa 3:52 usiku)

Weka Kali bro, Linux ya ukaguzi wa usalama. Debian si ya mambo hayo.

---

fundi_wa_orofa_tano (Jumatatu, saa 3:55 usiku)

Si nilisema? Na mimi ni dada, si bro.

---

kibodi_ya_ngara (Jumatatu, saa 4:20 usiku)

Dada, achana na Kali, draiva ni ileile ath9k_htc. Imo ndani ya kerneli miaka mingi na ni mojawapo ya zile chache ambazo huhitaji kujenga chochote. Ungekuwa na chipu ya RTL8812AU kwenye kerneli yako hiyo ya 6.1 ningekuambia ujiandae kwa DKMS (kujenga draiva upya kila kerneli ikibadilika) na Secure Boot, ule ulinzi wa kuwasha laptopu, ikukatalie moduli usiku kucha. Wewe umenunua vizuri.

Kwanza rudisha intaneti yako: `sudo systemctl restart NetworkManager`. Siku nyingine usiue kila kitu. Mwambie NetworkManager asiguse adapta moja tu: `nmcli device set wlx... managed no`, jina ujaze lako. Kadi ya ndani itaendelea na shughuli zake. Na usishtuke ukikuta airmon-ng amelibadilisha jina hilo kuwa la mtindo wa zamani, kama wlan0mon. Linux inakubali herufi 15 tu kwa jina la kadi, na wlx ikifuatwa na anwani ya MAC tayari ni 15. Hakuna pa kuongezea "mon".

Kuhusu kuzimika, mimi nashuku usingizi wa USB. Una TLP, ile programu ya kubana matumizi ya betri? Laptopu nyingi za mtumba huku wauzaji huiweka ili betri ionekane nzima. Jaribu hivi halafu ulete majibu:

`echo on | sudo tee /sys/bus/usb/devices/1-2/power/control`

---

shahidi_wa_kwanza (Jumanne, saa 1:15 asubuhi)

Mimi si wa mambo ya draiva, ila neno moja. Barua yako inataja mitandao mitatu. Orodha uliyoiona kutoka dirishani ni ya majirani, na hao hawajaandika barua. Kuona majina si neno, kila simu inayaona. Lakini usianze kuhifadhi pakiti zao kwenye faili, hata kwa majaribio. Kifungu cha 14 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya Kenya ya 2018 kinazungumzia kuingia bila idhini: faini isiyozidi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Kunasa mawasiliano ya watu kuna kifungu chake, na adhabu yake ni nzito zaidi. Majaribio fanyia ruta yako mwenyewe, ufunge chaneli kwa `-c` na anwani yake kwa `--bssid`. Na Jumamosi uende na nakala ya barua, ya asili uache nyumbani.

---

fundi_wa_orofa_tano (Jumanne, saa 2:30 usiku)

Asanteni. @shahidi_wa_kwanza nimekusikia, tangu leo nasikiliza ruta yangu tu.

@kibodi_ya_ngara TLP ilikuwepo kweli, sikuwa najua. Nimeitoa, nimeandika hiyo `on`, nikaikagua na ikabaki `on`. Hakuna nafuu. Ila nimegundua kitu cha ajabu. Niliiacha imechomekwa bila kuifanyisha kazi tangu asubuhi nilipokwenda kuvuta nyaya kwenye ploti moja Kayole. Nimerudi jioni nimeikuta hai, hakuna mstari mpya kwenye `dmesg`. Nikawasha airodump-ng, dakika mbili, kwisha. Nikaichomoa, nikairudisha, nikajaribu `aireplay-ng --test`, jaribio la kurusha pakiti, dhidi ya ruta yangu. Hiyo haikufika hata sekunde tano.

Yaani ikilala ni nzima, ikisikiliza inachoka, ikisema inakufa.

---

mzee_wa_solda (Jumanne, saa 3:05 usiku)

Binti yangu, hilo sentensi lako la mwisho limekwisha kujibu. Hiyo ni njaa ya umeme.

Tuanze na -71. Kwenye kerneli inaitwa EPROTO, maana yake mazungumzo ya USB yenyewe yamevurugika. Draiva haijafikiwa bado. Fimwea haijafikiwa. Ni kama kumpigia mtu simu na laini inakatika-katika, wewe unabishana kuhusu lugha anayoongea. Kwa hiyo apt haitakusaidia hapa.

Sasa niambie: grili ya dirisha na laptopu yako ziko umbali gani? Maana adapta haina mkono mrefu kiasi hicho. Kuna waya hukuutaja.

---

fundi_wa_orofa_tano (Jumanne, saa 3:09 usiku)

Mzee umenikamata. Kuna waya wa kurefusha wa mita tatu. Nilinunua njiani nikirudi stejini, shilingi 150. Mweupe, mwembamba, unakunjika vizuri.

---

mzee_wa_solda (Jumanne, saa 3:31 usiku)

Unakunjika vizuri kwa sababu ndani hamna kitu.

Fanya hesabu nami. Tuseme nyaya za umeme humo ndani ni geji 28, na huo ni ukarimu, za mia na hamsini huwa nyembamba zaidi. Geji 28 ina takriban omu 0.21 kwa kila mita. Umeme unakwenda mita tatu na kurudi mita tatu, kwa hiyo ni mita sita, omu 1.3 hivi. Tundu la USB 2.0 linatoa hadi miliampia 500, na ukiangalia `lsusb -v -d 0cf3:9271` kwenye MaxPower utakuta adapta yako imeomba zote 500. Tuseme inavuta 400 ikifanya kazi. 1.3 mara 0.4 ni nusu volti, imepotelea njiani kabla hujahesabu viungio. Ilitoka 5, inafika 4.5 au chini. Ikilala inavuta kidogo, haipotezi kitu, ndiyo maana umeikuta hai. Ikirusha mawimbi inavuta kwa nguvu, volti inaanguka, chipu inajizima, na laptopu inadhani umeichomoa.

Jaribio halina gharama. Ichomeke moja kwa moja kwenye laptopu, bila waya. Ikidumu nusu saa, umepata jibu.

Mawili zaidi kabla sijalala. Ukiichomeka moja kwa moja, usiweke diski ya USB 3.0 ubavuni mwake, zile zinatoa kelele kwenye GHz 2.4 na utaona mitandao michache bila kujua kwa nini. La pili ni kubwa kuliko la kwanza: AR9271 ni ya GHz 2.4 peke yake. Kama chama kina mtandao wa GHz 5, adapta hii haitauona hata ukiining'iniza juu ya jengo la KICC. Utawaandikia ripoti kwamba mko salama na mlango wa nyuma hujauangalia.

---

kibodi_ya_ngara (Jumanne, saa 3:40 usiku)

Nimeinua mikono. Mimi nilikuwa nawinda TLP.

Kwa GHz 5, T480 nyingi zina Intel 8265 ndani na inakubali modi ya monita. Angalia `iw list`, sehemu ya "Supported interface modes". Siku ya kazi tumia bando la simu kwa intaneti, kadi ya ndani uipe zamu hiyo.

---

fundi_wa_orofa_tano (Jumapili, saa 10:20 jioni)

Nimerudi na majibu, samahani kwa kuchelewa, stima ilipotea Alhamisi yote.

Niliichomeka bila waya Jumanne ileile. Nikasonga ugali, nikakaanga sukuma, nikala, nikaosha vyombo, nikarudi: dakika 70 na bado inahesabu. `--test` ikapita pia, ikaandika "Injection is working!" nikapiga kelele hadi jirani akagonga ukuta.

Kesho yake nikashuka kwa fundi wa simu aliye chini ya jengo letu, ana mita ya USB ya kidole. Bila waya adapta ikifanya kazi: 4.97. Kwa waya mweupe, ikianza kusikiliza: 4.38, na ilipojaribu kurusha ikaonyesha 4.1 halafu kioo kikazimika. Yule fundi alicheka, akachukua wembe akauchana. Ndani kuna nyaya nne kama ilivyo kawaida, lakini ule mwekundu ulikuwa na nyuzi tano, nimezihesabu, nyembamba kiasi kwamba alipopuliza ziliinama. Foili ya kuzuia kelele hakuna hata chembe. Nimenunua mwingine wa mita moja, mnene, mgumu kukunja kama mpira wa maji, shilingi 450. Kwenye huo ni 4.84.

Jumamosi ilikwenda vizuri. Kwa adapta niliona mitandao miwili kati ya mitatu ya barua. Wa tatu haukuwepo kabisa, na hapo ningekuwa nimekwisha kuandika kwamba umezimwa. Nikamkumbuka mzee, nikaipa kadi ya ndani zamu, na kumbe upo GHz 5, chaneli 36. Ruta moja ilikuwa na WPS (kujiunga kwa kitufe au PIN, rahisi kuvunjwa) imewashwa, tukaizima palepale na mtu wao wa ofisi akiangalia.

Kisha kuna lile ambalo hakuna aliyelitegemea: jina linaloanza na DIRECT-, lenye nguvu kuliko yote, halimo kwenye barua. Sikuligusa. Nilizunguka na laptopu mkononi nikifuata ishara, mwenyekiti nyuma yangu, mhasibu nyuma ya mwenyekiti, hadi tukasimama mbele ya printa ya meneja. Inatangaza mtandao wake yenyewe tangu siku iliponunuliwa. Nenosiri lilikuwa limechapishwa kwenye karatasi, na karatasi imebandikwa ubavuni. Mwenyekiti akaliongeza jina hilo kwenye barua kwa kalamu, akaweka sahihi, ndipo nikaingia kwenye menyu ya printa nikazima.

Wamenilipa nusu, nusu nyingine ni nikileta ripoti. Nimebaki na waya uliochanwa. Nafikiria kumpelekea yule wa stejini.

---

mzee_wa_solda (Jumapili, saa 11:02 jioni)

Usimpelekee, atakwambia ulichana mwenyewe. Kata ncha ya kike unitunzie, nina mita nne za waya mzuri hapa zinazokosa kichwa.