Mdogo wangu anasema kucheza gemu ndiyo kusoma. Ananidanganya?

Dada_Busia:
Habari zenu wapendwa. Niko Busia, upande wa Uganda, nauza vitenge. Kitinda mimba wetu amemaliza S6, yaani kidato cha sita, anasubiri matokeo. Nilimnunulia laptopu iliyotumika kwa shilingi 750,000 kwa sababu alisema anataka kuwa mtengenezaji wa gemu. Tangu siku hiyo ni mpira, magari na bunduki mpaka saa nane za usiku. Yaka, huu umeme wa kulipia kabla, niliyokuwa naweka ya mwezi haifiki hata wiki mbili. Nikimuuliza ananijibu, "Dada, mpishi asiyeonja atapikaje?" Maneno anayo! Mimi kompyuta siijui. Sitaki kumvunja moyo, lakini pia sitaki kugeuzwa mjinga. Kucheza kunasaidia kweli, au nimeliwa?

Mzee_wa_Steji:
Umeliwa, dada. Mimi naendesha boda mwaka wa kumi na moja huu, na injini ikizima bado naita fundi.

Kibanda_Arua:
Nina kibanda cha PlayStation, televisheni tatu, mechi moja shilingi 500. Kama kucheza kungetoa watengenezaji, ningekuwa nimeshafungua chuo. Wanacheza, wanatukanana, wanaondoka. Mmoja tu ndiye aliyewahi kunishtua. Akikosa bao harushi padi ya kuchezea kama wenzake, anauliza: mbona kipa ameegemea kushoto kabla sijapiga? Basi anarudia kona ile ile, mara ishirini, anafungwa mabao huko nyuma wala hajali. Wenzake walimkasirikia kwa kuwaharibia mechi. Alihamia Koboko, sijui anafanya nini siku hizi. Wa kwako ni wa aina gani? Kaa naye jioni moja umtazame.

msimbo256:
Dada, mimi natengeneza gemu za simu hapa Kampala. Usidhani ni utajiri, kodi ya nyumba nalipa kwa kuwatengenezea watu tovuti.

Kucheza kunasaidia. Kunakupa ulimi, mikono hakukupi. Huyo mdogo wako kasema kweli nusu: mpishi lazima aonje, lakini anayeonja tu bila kushika mwiko ni mgeni.

Nikupe mfano mmoja. Kuna gemu za kurukaruka. Mhusika anakimbia, anafika ukingoni, wewe umechelewa kidogo kubonyeza, miguu yake tayari iko hewani. Kwa haki angeanguka. Lakini nyingi kati ya zile nzuri bado zinamruhusu aruke, kwa fremu chache tu, yaani zile picha zinazofuatana kwenye skrini. Gemu ikichora fremu 60 kwa sekunde, msamaha wenyewe hata kope halijafumba umeshakwisha. Mchezaji hajui kama amesamehewa, anajiona hodari. Nilicheza miaka na miaka bila kuliona jambo hilo. Nikatengeneza ya kwangu bila msamaha huo, na kila niliyempa simu akaniambia, "Kitufe chako kibovu." Kitufe kilikuwa kizima! Hapo ndipo niliporudi kwenye gemu nilizozipenda na kuanza kuzichungulia kama fundi, daftari mkononi.

Yule Mmarekani wa Stardew Valley, Eric Barone, alikuwa mpenzi wa gemu za shamba tangu utotoni. Kuzipenda kulimpa hamu. Baada ya hapo alikaa zaidi ya miaka 4 akiandika msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, akichora na kutunga muziki peke yake, mpaka ikatoka 2016. Watu wanakumbuka ile hamu, ile miaka minne wanairuka.

Sasa kazi. Mwambie apakue Godot, programu ya kutengenezea gemu. Ni ya bure, faili halifiki hata MB 200, na ukishaipakua inafanya kazi bila bando. Asianze na gemu kubwa kama GTA, atazeeka. Aanze na kitu kinachodunda, halafu mweso, lile bao la Waganda. Mashimo 32, kete 64, michoro hakuna. Lakini kuifundisha kompyuta isambaze kete, iteke za mpinzani, iendelee mpaka iishie shimo tupu, jasho litamtoka.

Mkongomani_Nakivale:
Jambo dada. Mtafutie habari za Lual Mayen, Msudani Kusini aliyekulia kambini huku kaskazini mwa Uganda. Mama yake aliweka akiba miaka mitatu ili amnunulie laptopu ya dola 300, na kijana alitembea saa tatu kwenda kuichaji. Gemu aliyokutana nayo humo ilikuwa ya kupigana na kuua. Aliicheza, kisha akawaza mbona isiwepo ya amani, akatengeneza Salaam, ambamo wewe ni mkimbizi unayekimbia na unahitaji maji, chakula na dawa. Huyo naye alianza kwa kucheza, dada. Laptopu usimnyang'anye.

Dada_Busia:
Nimerudi. Nilimwambia hakuna gemu humu ndani mpaka anionyeshe kitu alichokitengeneza mwenyewe. Alinuna siku mbili, hata chai alikunywa amenipa mgongo. Jana, siku ya tisa, akaja dukani na laptopu kwapani. Kiboksi chekundu kinaanguka kutoka juu, kinaipita sakafu, kinapotea. Nikamuuliza kimeenda wapi? Akasema, "Dada, sakafu haijui kama ni sakafu." Nilicheka mpaka mteja akanishangaa. Usiku sikusikia bunduki, nilisikia mtu anabishana peke yake. Yaka lakini inaisha vile vile.

Msimbo256, anakuuliza: kwenye mweso, kompyuta itajuaje zamu imekwisha?

msimbo256:
Aache mweso kwanza. Sakafu ameichora tu, hajaiwekea umbo la kugongana. Aliweke hilo, kiboksi kitasimama. Halafu aje humu aulize mwenyewe.